Firigisi ya Jogoo wa Darasa Letu

Harufu ya manyoya ya kuku yakibabuliwa motoni hunitia hasira. Wengine wataniambia ni harufu ya wageni, ya Krismasi, ya watoto waliofunga shule. Sawa. Kwangu mimi ni harufu ya Kidato cha Nne katika ile shule yetu ya kando ya barabara ya Kiminini, na kila nikiisikia najikuta nimekunja uso kabla sijajua kwa nini. Juzi nilikuwa nyuma ya nyumba hapa Kitale, nimemshika kuku miguu namgeuza juu ya makaa, na simu nimeiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Ilikuwa inalia tii, tii, tii bila kupumua. Sikuhitaji kuiangalia ili nijue ni kina nani. Hakuna watu wengine duniani wanaoweza kuandikiana namna hiyo saa za kazi.

Ni grupu ya darasa. Ee Mungu, nipe subira. Watu wazima wenye wajukuu, wenye sukari na presha, wengine tumeshawazika, lakini hao waliobaki waweke pamoja uone kazi. Tulikuwa tunapanga kukutana Bungoma nyumbani kwa Wafula, tule, tupige picha, turudi makwetu kabla giza halijaingia. Jambo dogo kabisa. Lakini Wafula ndiye aliyekuwa kiranja wetu, na mpaka leo hakuna aliyemwambia kwamba kazi ile iliisha. Anajiita Mwenyekiti, na kura hakupigiwa na mtu. Basi akaandika kwamba kabla hatujakaa meza moja, lile jambo la firigisi lazima lisafishwe. Chemutai alete jogoo wa faini, tumle, yaishe. Hapo wakamwagika na vicheko na vikatuni vya kuku, mmoja baada ya mwingine, utafikiri ni watoto wa nasari.

Chemutai ni mtu wa Kapsokwony, kule juu mlimani. Shuleni tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini, mimi juu. Katika grupu wanamwita Firigisi, na utani huo umekuwa mzee kuliko watoto wetu. Yeye hajibu. Tangu aingizwe humo hakuwahi kuandika hata salamu za Pasaka. Siku hiyo aliandika neno moja tu, "Sitakuja."

Niliacha kuku akaungua ubavu. Sikuwa nimemwona Chemutai tangu asubuhi ile tuliyofunga masanduku yetu ya bati tukaachana getini. Simu tumepigiana mara moja moja, salamu za misiba. Safari hii nilikuwa nimeweka nia kwamba, potelea mbali chakula na hotuba za Wafula, mimi naenda Bungoma kumwona huyu mama kabla mmoja wetu hajamzika mwenzake. Na sasa haji, kwa sababu ya kipande cha nyama ambacho mimi mwenyewe ndiye niliyekila.

Asiyetoka kwetu nimweleze, maana atatuona wendawazimu. Atatuona tu, lakini nimweleze. Kwetu kuku amegawanywa tangu akiwa yai. Paja lina mtu wake, kidari kina mtu wake, na firigisi, ile tunayoiita imondo, ina mwenyewe, naye ni baba mwenye nyumba. Mama anaweza kumlisha huyo kuku, amkimbize uwanja mzima, amnyonyoe, ampike, ampakue, lakini imondo ikikosekana kwenye sahani ya mzee kutaitwa kikao. Nyanya yangu mzaa baba aliingia kaburini bila kuonja kuku hata mara moja, na alikuwa akilisema hilo kwa majivuno, kama mtu anayesema hajawahi kulala mahabusu. Mgeni mkubwa akija anaweza kupewa imondo kwa heshima. Mwanamke, hapana. Msichana wa shule ndiyo kabisa usiseme.

Sasa, mwaka ule mwalimu wetu wa Kilimo alitupa mradi wa kufuga kuku. Tulijenga banda nyuma ya maabara kwa mabati yaliyotobokatoboka, tukapangiana zamu za maji na za kufagia. Wafula alijifanya meneja, hakuwahi kushika ufagio. Kuku wakanenepa, nasi tukaanza kuwala kwa macho. Kisha kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikaingia. Wakawa wanasinzia mmoja mmoja, shingo zimepinda, mpaka banda likabaki na jogoo mmoja mwekundu, mkorofi, aliyekuwa akitudonoa vifundoni kana kwamba sisi ndio tuliowaua wenzake. Mwalimu alipomaliza kutoa alama alisema jogoo huyo ni wetu, tumle kabla hajasinzia naye. Jogoo mmoja, darasa zima. Hebu fikiria.

Hapakuwa na ubishi juu ya nani atagawa. Katika bwalo letu kulikuwa na sheria ambayo sidhani hata walimu waliijua, kwamba anayegawa chakula huchukua wa mwisho. Ndiyo iliyofanya wagawaji wengi wawe wezi, kwa sababu mtu alijua sahani itakayobaki ni yake, basi anaijaza kwa ujanja. Kila meza iligombana isipokuwa ya Chemutai. Alikuwa anagawa haraka bila kuangalia uso wa mtu, na sahani inayobaki mara nyingi ilikuwa na mchuzi na bahati mbaya. Watu walimwamini kwa tumbo, ingawa kwa mengine walimcheka, ati mtu wa mlimani, ati lafudhi yake, ati anavaa sweta mbili.

Mwezi huo huo tulikuwa tumemzika baba yangu huko Ndalu. Nilirudi shuleni nimenyolewa kichwa, kofia hairuhusiwi, na kila nilipopita watu walikatiza mazungumzo. Lakini kilichokuwa kinaniuma zaidi si upara. Ni kwamba watu hawajamaliza hata kutawanyika kutoka matanga, baba mdogo alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha baba, kile cha mbao chenye mto alioushona mama, akatangaza kwamba msimu ujao shamba lile atalipanda yeye. Mama atafutiwe pembe ya kulima sukuma wiki. Mama aliangalia tu mikono yake. Mimi ndiye kifungua mimba, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo ambao hata viatu hawakujua kufunga. Niliyemweleza ni Chemutai peke yake, tukiwa bombani tunafua, nalia huku nasugua soksi. Hakunipa pole. Alinipokonya zile soksi akazisugua yeye.

Basi ikafika Jumamosi ya jogoo. Wasichana tulimnyonyoa, tukambabua nyuma ya maabara, na harufu ile ikaniganda kwenye sweta mpaka mtihani. Wavulana walikaa kwenye kivuli wakitupa maelekezo. Karibu na sufuria alikaa Jaspal, mtoto wa mwenye duka la misumari na rangi hapo Kitale mjini. Kwao hawali nyama, kwa hiyo alikuja na sahani yake ya kabichi kutoka bwaloni, akakaa nasi kwa ajili ya ushirika tu. Wafula alikuwa ameshanawa mikono, akasubiri, akanawa tena. Alikuwa ameketi mbele, magoti wazi, kama mkwe anayesubiri ng'ombe waletwe.

Chemutai alianza na mchuzi, akagawa ugali, akachana nyama vipande ambavyo ungeweza kuvipitisha kwenye tundu la sindano. Firigisi aliiweka kando juu ya kifuniko. Alipomaliza yote, aliichukua kwa kijiko, akaacha mchuzi udondoke, akampita Wafula. Akaja mpaka nilipokuwa nimekaa na upara wangu, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, Nekesa," akasema.

Wafula akamuuliza ni nini hicho amefanya. Chemutai akamwambia amegawa. Wafula akainuka, akaacha sahani yake chini, na wavulana wote wakainuka nyuma yake. Wakaenda kukaa uwanjani, na jioni bwaloni hawakuja pia, kuonyesha uzito wa jambo. Walilala njaa, wanaume wazima, kwa heshima ya firigisi ambayo hakuna hata mmoja wao angeipata isipokuwa Wafula. Mpaka leo nikilikumbuka hilo nachoka.

Mimi niliila, maana Chemutai alikuwa amesimama juu yangu na hakuondoka. Ilikuwa ngumu, haikuiva sawasawa, nikaitafuna huku machozi na makamasi yananitiririka. Na nilimkasirikia, jamani, nilimkasirikia sana. Hapo nilipokuwa nataka ardhi inifunike yeye ndipo amenichukua akaniweka katikati ya vita. Wavulana hawakuniongelesha mpaka tunamaliza mtihani. Kwa akili yangu ya kitoto nililipanga hivi: maskini, yeye si wa kwetu, hajui imondo ni nini, ameona kipande kikubwa akampa mtu mwenye huzuni. Kama angejua asingethubutu. Nikamsamehe kwa sababu hajui, nikajiona mtu mwema. Na hivyo ndivyo darasa zima lilivyoamua pia, ndiyo maana likambandika lile jina.

Krismasi ya mwaka huo baba mdogo alikuja Ndalu. Akaketi kwenye kile kiti, akaagiza kuku. Kuku wetu, lakini. Mimi ndiye niliyepika, na nilipofika kwenye kupakua mkono wangu ulisimama juu ya firigisi. Nilikuwa nimeshaila. Nilikuwa naijua ladha yake, na haikuniotesha ndevu wala haikuniua. Sijui nilipata wapi ule moyo. Nikaipakua, nikaipeleka moja kwa moja kwenye sahani ya mama.

Baba mdogo aligeuzageuza vipande vyake kwa kidole. Akauliza, kwa upole kabisa, imondo iko wapi.

"Iko kwa mwenye nyumba," nikamwambia.

Aliniangalia, kisha akamwangalia mama. Mimi pia nilimwangalia mama, na roho ilikuwa mkononi, kwa sababu akiirudisha ile firigisi basi tumekwisha, shamba limeenda, wadogo zangu watalelewa kwenye pembe ya sukuma. Mama, ambaye hakuwahi kula kuku mbele ya mwanamume, aliichukua akaitia mdomoni. Akatafuna polepole, macho chini, mpaka akameza. Baba mdogo akasukuma sahani, akachukua kofia yake. Mvua zilipoanza tulimsubiri na ng'ombe wake wa kulima, hakuja. Tulipanda wenyewe, mama na mimi na hao wadogo, na mahindi ya shamba lile ndiyo yaliyowasomesha. Miaka yote hii nimejisifu kwa siku ile. Nimeisimulia kwenye harusi. Nilidhani ilikuwa akili yangu.

Sasa nirudi kwenye kuku wangu aliyeungua ubavu. Baada ya Chemutai kuandika kwamba haji, Jaspal akatuma sauti. Jaspal anaishi ng'ambo siku hizi, kwenye baridi, lakini Kiswahili chake bado ni kile cha sokoni Kitale, na huwa anatuma sauti ndefu anazozungumza huku anaendesha gari. Hii ilikuwa fupi.

"Wafula, wacha hii maneno bana," alisema. "Mimi nilikuwa hapo kwa sufuria na kabichi yangu. Nilimuuliza Chemutai mbona anataka kuleta vita. Aliniambia, baba ya Nekesa amekufa na yeye ndiye mkubwa, sasa kwao nani atakula hii kama si yeye? Ati hajui! Huyo alisoma praimari Bungoma, alikuwa anakaa kwa shangazi yake. Mimi mhindi nilijua imondo ni ya nani, yeye angekosa kujua aje?"

Niliisikiliza nikiwa nimechuchumaa, mikono ina manyoya. Nikairudia. Kisha hasira zikanipanda. Nilimwandikia Jaspal papo hapo nikimuuliza kwa nini alikaa na neno hilo miaka yote. Akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza, na kila mara akitaka kusema tulimwambia yeye hakula kuku, hana la kuchangia. Kweli tulimwambia hivyo. Ndiyo darasa letu hilo.

Nikampigia Chemutai. Upepo wa huko kwao ulikuwa unavuma ndani ya simu, na mbwa anabweka. Nilimuuliza kama ni kweli, akasema ni kweli. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Si uliila," akasema.

Nilimsimulia habari ya baba mdogo na ya mama, ambayo hakuwahi kuisikia, na nilipofika pale mama anapomeza sauti yangu ilikatika, nikalia kama nilivyolia bombani. Yeye alingoja nimalize. Nikamwambia aje Bungoma, nitamngoja, nahitaji kumwona, na asithubutu kubeba jogoo wa mtu yeyote, faini si yake. Akasema atafikiria. Kuhusu jogoo hakusema kitu, na kwa kumjua nilipaswa kushtuka.

Siku ilipofika, nilikuwa nimesimama kwenye geti la Wafula tangu mapema. Pikipiki ikaja, vumbi tupu, na nyuma yake amekaa mama mwembamba mwenye mvi, amevaa sweta mbili kwenye jua la Bungoma. Kwapani kuna kikapu, na kwenye kikapu kinachungulia kichwa cha jogoo mwekundu. Nilimkumbatia huku namgombeza. Nilimwambia anatuharibia, Wafula sasa furaha itamnyima usingizi, sauti ya Jaspal imeshamsafisha, hana deni na mtu. Alicheka tu, akanikabidhi kikapu, akasema huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu.

Na Wafula, si alifurahi? Alikuwa amevaa suti na tai, akampokea jogoo kwa mikono miwili, akatoa hotuba fupi ya kukubali faini. Kuhusu sauti ya Jaspal hakugusia. Mkewe alimpokea jogoo, akamtazama mumewe vile wake hutazama waume zao mbele ya wageni, akaenda jikoni. Kulikuwa na mbuzi, kulikuwa na chapati, kulikuwa na soda za kila rangi, lakini ninakuambia, kila jicho la darasa lile lilikuwa linangoja sufuria moja. Jaspal tulimpigia video, tukamwegemeza kwenye chupa ya chai.

Sufuria ilipoletwa, hakuna aliyeuliza nani agawe. Kijiko kilisukumwa kutoka mkono hadi mkono mpaka kikamfikia Chemutai. Aligawa vilevile, haraka, bila kutazama nyuso. Firigisi akaiweka kando juu ya kifuniko. Mimi nilishaamua moyoni kwamba nikipewa sitaila, nitamrudishia yeye mbele ya watu wote, nimwambie ale yeye, wakome. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nikiwa njiani, pale Webuye.

Akainuka nayo. Akanipita. Akaiweka kwenye sahani ya Wafula.

Mzee yule alitabasamu mpaka masikio, akalegeza tai, akaitia mdomoni nzima. Nilitaka kupasuka. Nilimuuliza Chemutai, na sikupunguza sauti, ni nini tena hiki, baada ya jina lile, baada ya vicheko vyote vile, anampa huyu?

Chemutai alikuwa ameshakaa, anatafuta chake kwenye mabaki ya mchuzi, kwa sababu anayegawa huchukua wa mwisho.

"Mwache ale, Nekesa," akasema. "Yeye ndiye bado ana njaa nayo. Wewe ulishashiba."

Wafula akaacha kutafuna.